Kitufe cha Tatu

Programu ya kikundi ina vitufe viwili:
cha kijani, Amelipa. Chekundu, Hajalipa.
Nilipokabidhiwa simu
na daftari langu likafungiwa kabatini,
nikasema haya, ndiyo mambo ya siku hizi,
unacho au huna.

Mwezi wa pili Kazija akafiwa.
Mumewe, Faki, alianguka kutoka paa la skuli ya Limbani
akigongomea bati.
Jumamosi, tumekaa ukumbini kwa Bimkubwa tunahesabu hisa,
simu ikalia yenyewe, ikaandika jina la Kazija kwa wekundu:
MDAIWA. Wiki iliyofuata: MDAIWA SUGU.
Na hiyo sugu, jamani, ilikwenda kwa wanachama wote thelathini,
hata kwake mwenyewe, ndani, kwenye eda.

Nikawaandikia walioitengeneza, vijana wa Unguja,
usiku, na hasira zangu: Programu yenu haina adabu.
Wakajibu: Ahsante kwa maoni yako.
Basi.

Mjukuu wangu Nasriya akanicheka.
"Bibi, ukimwambia fundi kanzu mbaya, atafanya nini?
Mwambie kwapani panabana ukiinua mkono."

Nikakaa tena, ukili mapajani,
nikaandika kama anayemwelekeza mgeni njia:
Jumamosi nilifungua orodha.
Nilibonyeza jina la mjane.
Nilitaka kusema, huyu hadaiwi, huyu anangojewa.
Sikuona pa kusemea.
Naomba kitufe cha tatu.

Siku nne. Kisha akajibu mmoja, kwa jina lake, Yunus:
Hali hiyo idumu siku ngapi?
Miezi minne na siku kumi, nikamwambia,
na miezi ni ya kuandama, si ya kalenda ya ukutani kwenu.
Kuna hali nyengine?
Ipo. Akiwa na mimba ni mpaka ajifungue,
na hapo hesabu si yako wala yangu.
Akanyamaza siku mbili. Nadhani alikuwa akitafuta
namna ya kuiambia mashine "mpaka".

Rangi gani?
Si nyekundu. Si kijani, maana hajatoa.
Rangi ya ukili kabla haujatiwa chunguni.
Akaomba picha. Nikampigia mkeka niliouacha nusu.

Wangapi wanakihitaji?
Hilo liliniuma. Mmoja hatoshi?
Lakini nikavaa buibui langu, nikenda Gando,
nikenda Kinyasini, nikavuka hadi Kojani
kuwauliza wahazini wenzangu.
Kumbe kila mtu na njia yake ya kificho.
Huyu humtolea mfiwa kutoka mfukoni mwake.
Yule hubonyeza Amelipa, kisha usiku huomba toba.
Mwache wa Kojani alizima simu miezi minne mizima
akasema imeingia maji.
Vikundi kumi na saba. Nikampelekea Yunus majina,
na hiyo habari ya maji pia.

Ikaja siku programu mpya ikashuka,
nukta kwa nukta, mtandao wa Wete unavyojua kujivuta.
Nasriya ameshika simu juu, karibu na dirisha.
Nikalitafuta jina la Kazija.
Vitufe vitatu!
Cha tatu rangi yake ukili, ukili kweli,
ungedhani umekatwa kwenye mkeka wangu.
Nikakigusa.
Kikaandika: LIKIZO.

Likizo.
Nilicheka hata Kazija, nyumba ya pili,
aliyebakisha siku tisa,
akauliza dirishani kuna nini huko.
Nikamwambia, umepewa likizo.
Kimya. Kisha nikasikia na yeye,
mara ya kwanza tangu bati lile.

Usiku nikaivuta simu, nikaanza:
Mwanangu Yunus, kitufe tumekiona, Mungu akuweke.
Sasa tuzungumze kuhusu neno.